Mizunguko Mitatu ya Utepe

Siku ile Mzee Felisiani aliposimama mlangoni mwa studio, kofia mkononi, akaniomba nipandishe sauti ya kinanda cha bintiye, nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto anayeanza kuongea huliweza. Mimi nikasema, "Hilo dogo, Mzee. Pitia keshokutwa." Tena nilisema kwa tabasamu, maana nilikuwa nimejifunza ujanja mpya na nilikuwa natafuta pa kuujaribia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaorekodi kwaya na miziki yenu kwenye kile chumba chenye kiyoyozi. Mwezi uliopita mliniita nije kuwapa uzoefu. Mkanikalisha kwenye kiti kinachozunguka, mkanipa soda, na kabla sijaifikisha nusu nikamsikia mmoja wenu akimwambia mwimbaji, "Usijali dada, tutaongeza kasi kidogo tu, hakuna atakayejua." Soda ikanipalia. Mkanipigapiga mgongoni, mkasema pole babu, uzee huo. Haukuwa uzee. Zilikuwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hizo ni juu yangu mwenyewe. Kwa kuwa mdomo ulikataa siku ile, acha kalamu iseme.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kijijini kwetu Ziwani, nje ya Mtwara, kwenye mikorosho ya baba. Kabla sijazoea jembe nikasikia misheni mjini inatafuta kijana anayeweza kusoma maelezo ya mitambo. Nikaajiriwa studio. Mimi Mwislamu, mwajiri wangu kanisa, na hilo halikumsumbua mtu isipokuwa shangazi yangu. "Utarudi na msalaba shingoni," alisema. Nilirudi na viroboto wa panya, kwa sababu studio yetu ilizibwa mwangwi kwa magunia ya korosho.

Ninyi mna sifongo zenye meno ukutani. Sisi tuliazima magunia matupu ya chama cha ushirika, tukayakunja na kuyapanga kuanzia sakafuni hadi darini. Yalimeza sauti kuliko hizo sifongo zenu. Lakini msimu wa kununua korosho ukifika, chama kinataka magunia yake, na studio inabaki uchi. Ndiyo maana mtu akiniwekea kanda yetu yoyote ya zamani naweza kumtajia majira. Kwaya ikisikika kavu, hapo watu walikuwa kwenye palizi. Ikisikika kama imeingia ndani ya pipa, ni msimu, na ukitega sikio utasikia na malori.

Na si malori peke yake. Kunguru walitua juu ya mabati wakatembea kama watu wenye viatu. Umeme ulipungua nguvu katikati ya wimbo, kanda ikalegea, kwaya nzima ikaanza kuimba kama walevi. Adhana nayo ilikuwa na saa zake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga ratiba, masista walikuwa wakinidhihaki: "Bakari, ukiwa na saa ya kurekodi huwezi kukosa swala." Kweli sikukosa. Tulisimamisha kazi, nikaenda kuswali, nikarudi tukaendelea. Mlichopata ninyi kwa kubonyeza, sisi tulikipata kwa kungoja, na kungoja kulitufundisha kusikiliza. Hilo nalisema bila majivuno. Nilifundishwa kusikiliza na bado nikafanya nilichofanya.

Aliyenifundisha ni Sista Walburga, mtawa mzee aliyekuwa na mikono mikubwa kama ya fundi seremala. Yeye ndiye aliyefundisha muziki misheni, na yeye ndiye aliyeitunza piano. Kiswahili chake alijifunzia jikoni kwa akina mama, kwa hiyo kilikuwa na lafudhi ya Kimakonde kuliko changu. Alinipa spana ya nyuzi, akasimama nyuma yangu, na kila nilipovuta kwa pupa alinipiga kofi la mkononi.

"Unakamua ng'ombe wewe?"

"Hapana, Sista."

"Basi polepole. Sikio kwanza, mkono baadaye."

Piano ile ilikuwa imekuja kwa meli, na upepo wa chumvi uliijua tangu siku ya kwanza. Nyuzi zilishika kutu. Tuliiwekea balbu ndani, ikawaka mchana na usiku kufukuza unyevu, na bado tukizivuta nyuzi hadi kimo chake halali zilikatika. Mmoja ulinipasua hapa juu ya nyusi, kovu mmeliona. Baada ya hapo Sista aliamua kuishusha piano nzima nusu toni, yaani kila kitufe kilie sauti ya jirani yake wa kushoto. "Huyu bibi kizee," alisema, akiipigapiga piano ubavuni. "Usimwambie akimbie." Vitufe vilikubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, muziki ukawa safi, na aliyekaa nayo peke yake hakujua kwamba iko chini. Kimo halali kilikuwa kwenye kile chuma chenye meno mawili kama uma ambacho Sista alikiweka mfukoni mwa joho. Ukikigonga gotini kinalia sauti moja tu, na hicho ndicho kilichokuwa hakimu wetu.

Vitufe vitano vyeusi vilivunjika bandarini siku piano iliposhushwa melini. Nilikwenda Mtawanya kwa Mzee Nantanga, mchongaji wa vinyago aliyevuka Ruvuma na wazazi wake akiwa mtoto. Nikampa vile vilivyovunjika pamoja na kimoja kizima awe na mfano. Akakigeuza, akakinusa.

"Haya meno ya nini?"

"Ya piano, mzee. Kinanda kikubwa."

"Meusi?"

"Meusi."

"Mimi, nangu, nimechonga mashetani, nimechonga wazee, nimechonga na twiga wa kuuzia wageni. Meno meusi ya kabati linalolia sijachonga. Mwenyewe ni mchawi?"

"Ni sista."

"Afadhali angekuwa mchawi. Sista atanirudishia mara tatu."

Alirudishiwa mara nne. Lakini vile vitufe vya mpingo vilitoka laini kama kokoto ya mtoni, na Editha alivipenda kuliko vyote. Vishikeni akilini hivyo vitufe. Vitarudi.

Editha alikuwa binti wa Mzee Felisiani, karani wa bandari, Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa Mtwara akabaki. Kila mtu aliyekaa naye dakika kumi alisimuliwa jinsi piano ilivyofika gatini, kreti ikiwa imepasuka, na Editha wa miaka sita akapenyeza kidole akabonyeza kitufe. "Kikalia!" Mzee alisema kila mara, kana kwamba alitarajia kibweke kama mbwa. Sista akamchukua mtoto, akamfundisha miaka kumi na miwili. Alikuwa akija kila alasiri na sare ya shule, ananiamkia, "Shikamoo kaka Bakari," anavua viatu, anakaa. Sikuwa na elimu ya muziki huo wa Ulaya, lakini nilikuwa na masikio. Wengine waliofundishwa na Sista walipiga noti. Editha alijua kuacha. Kulikuwa na mahali kwenye kipande kimoja kirefu, sisi wawili tulikiita Mvua kwa vile kilivyoanza tone moja moja, ambapo mikono yake ilisimama hewani, na mimi nilisahau kutazama sindano za mtambo. Msikilizaji asiyemjua angedhani amesahau. Kisha tone linaanguka, nawe unagundua kwamba ulikuwa umebana pumzi.

Chuo kimoja cha muziki huko Ulaya kilimjibu Sista: mtume kanda. Isikatwe, isiungwe, ipigwe moja kwa moja. Tuliirekodi asubuhi tatu, magunia yakiwepo yote. Mvua ikatoka asubuhi ya tatu, dakika tisa kamili, bila kunguru, bila lori, umeme umetulia. Sista alipenga kamasi, akasema, "Imetosha." Macho yake yalikuwa yakififia na wiki ileile alirudishwa kwao kutibiwa. Aliniachia ule uma na agizo moja.

"Bakari, kwenye barua andika: piano hii iko chini nusu toni kwa sababu ya nyuzi. Mstari mmoja. Wataelewa."

Mstari mmoja, vijana. Ningeuandika hata kwa mkono wa kushoto.

Editha alikuwa Dar es Salaam anafuatilia pasipoti. Mzee Felisiani akaja studio kusikiliza kanda kabla haijatumwa. Alikuwa na sikio, nisimnyime. Alikuwa mtu wa redio, aliyesikiliza piano za ulimwengu kila Jumapili.

"Mwanangu Bakari, hiki kinanda kinalia kama kimeamshwa usingizini."

"Kiko chini kidogo, Mzee. Nyuzi zimezeeka."

"Sasa wale watasema binti wa Felisiani amepigia kinanda kibovu cha porini."

"Sista amesema tuandike kwenye barua."

"Tuandike kwamba kibovu? Mwanangu, sisi Wahaya hatupeleki zawadi imefungwa kwa gazeti. Huwezi kukipandisha wewe, fundi?"

Aliposema fundi, kichwa kikanivimba. Nikasema, "Hilo dogo, Mzee."

Ujanja wenyewe ni huu. Mtambo wa kanda una kijiti cha chuma kinachozunguka na kuvuta kanda. Ukikinenepesha kijiti, kinavuta kanda kwa kasi zaidi. Nilichukua utepe mwembamba wa kuungia kanda nikauzungusha kwenye kijiti, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara nikagonga uma gotini na kulinganisha. Kwenye mzunguko wa tatu sauti ikakaa palepale halali. Nikahamishia kwenye kanda mpya mbili, moja ya kutuma, moja ya kubaki studio. Piano ya bibi kizee ikang'aa kama mpya.

Ila kanda haijui kupandisha sauti peke yake. Inapanda pamoja na mwendo. Ninyi mashine yenu inatenganisha hayo mawili, yetu haikuweza. Mvua ya dakika tisa ikawa dakika nane na nusu. Vidole vikakimbia, na ile sehemu ya kuacha ikafupika kidogo, kiasi cha kope kupepesa. Niliiona saa ukutani. Nilijua. Mzee Felisiani hakujua. Yeye alisikia uzuri tu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kanda ya asili nikaifuta kwa kurekodia kwaya ya parokia nyingine, maana kanda zilikuwa adimu, na barua ikaenda bila mstari wa Sista.

Wakamchukua. Wakasifu kasi ya vidole vyake. Chuo kikaitoa ile kanda kwenye sahani ya santuri, na hiyo ndiyo ikawa rekodi yake ya kwanza duniani, iliyotangulia jina lake kila alikokwenda. Magazeti aliyomtumia baba yake, ambayo Mzee aliniletea nimsaidie kuyatafsiri kwa kamusi, yote yalisema kasi, kasi, kasi. Aliitwa miji mingi kupiga kwenye kumbi kubwa. Mtwara tulitamba. Mimi nilitamba kuliko wote. Nilipitisha miaka nikisema sokoni, "Ile ya kwanza nilirekodi mimi."

Kisha zikaanza barua. Zilikuwa sita kwa miaka kadhaa, na zote zipo. Ya kwanza ilisema: "Kaka Bakari, mwalimu wangu ananipigia ile kanda yetu ya nyumbani ananiuliza kwa nini sasa napiga polepole. Nilikuwa nafanyaje?" Nikamjibu kwamba ni uchovu wa baridi. Ya tatu ilisema: "Nafanya mazoezi saa saba kwa siku na bado simfikii yule msichana wa Mtwara. Labda vilikuwa vile vitufe vya Mzee Nantanga?"

Niliposoma hivyo nilipumua. Alikuwa amenipa mlango, nami nikapita. Nikamjibu, ndiyo dada, bila shaka ni vitufe, mpingo wa kwetu unateleza. Basi akaagiza! Nikarudi Mtawanya, na Mzee Nantanga, akiwa sasa haoni vizuri, akachonga vitufe thelathini na sita kwa kupapasa, akilalamika kila hatua.

"Huyo mtoto kabati la kwanza amelivunja?"

"Hapana mzee. Anataka kupiga haraka."

"Haraka ya nini? Analipwa kwa mwendo kama dereva?"

Kifurushi cha mpingo kikasafiri hadi Ulaya kutibu ugonjwa wa utepe. Nilikipeleka posta mwenyewe, nikalamba stempu zake kwa ulimi huuhuu. Barua ya sita ilikuwa na mwandiko uliopinda. Mishipa ya mkono wa kulia ilikuwa imevimba, wamempasua mara moja, watampasua tena. "Lakini nimekaribia, kaka," aliandika. Amekaribia nini? Hakukuwa na mtu mbele yake. Yule msichana wa Mtwara nilikuwa nimemtengeneza mimi kwa utepe. Hiyo barua sikuijibu kabisa.

Alirudi wakati mji umejaa wageni wa gesi ya Msimbati, hoteli zimefurika, na mimi nimekaribia kustaafu. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, havinyooki. Alikuja misheni asubuhi, akaniamkia vilevile, akacheka na sista wa mapokezi, akaomba kuiona piano. Ilikuwepo, balbu ndani, nusu toni chini kama Sista alivyoiacha, maana mimi ndiye niliyeitunza. Akaniambia niwashe na kanda yetu, tuisikilize pamoja, kwa kumbukumbu.

Tone la kwanza likalia. Akiwa amesimama, akalibonyeza kwenye piano kwa mkono wa kushoto. Akakunja uso.

"Kaka Bakari, Mvua inaanzia kitufe gani?"

"Hicho hicho cheupe."

"Rudisha kanda."

Nikarudisha. Akabonyeza tena. Hazikuwa sauti moja. Akasogeza kidole kulia, kwenye kitufe cheusi cha Mzee Nantanga, akabonyeza. Zikakutana sawasawa.

"Kwenye kanda ni hiki. Mimi sikuanzia hiki. Hii piano iko chini?"

"Iko chini."

"Tangu lini?"

"Tangu Sista."

Alikaa kwenye benchi. Akaniambia nirudishe mwanzo, akatazama saa yake, akaacha kanda icheze hadi mwisho, akatazama tena. "Nane na nusu," alisema. "Sista alikuwa ananipimia tisa. Ulifanya nini?"

"Utepe kwenye kijiti. Mizunguko mitatu."

"Baba alijua?"

"Baba yako aliomba kinanda kipande. Hakujua kwamba mwendo unapanda nacho. Mimi nilijua."

"Nilikuandikia barua ngapi?"

"Sita."

"Sita." Akafunika piano, akalaza ule mkono uliokunjamana juu ya kifuniko. "Baba asiambiwe. Ana miaka themanini. Mwache na kasi yake." Akainuka. "Asante, Bwana Bakari."

Hajawahi kuniita kaka tena.

Sasa mnajua kwa nini wiki jana nilirudi kwenu na ile kanda ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwomba yule mrefu wenu aipunguze mwendo kwa kipimo nilichoandika kwenye karatasi. Alitumia muda mfupi kuliko wa kumenya chungwa. Tukasikiliza dakika tisa. Pale mikono yake iliposimama hewani, nilibana pumzi kama zamani, na baada ya miaka yote hiyo nikamsikia Editha mwenyewe. Na yule mrefu, Mungu amsamehe, akageuka akaniambia, "Babu, imepoa kidogo hii. Tuichangamshe?" Kama singekuwa na fimbo ya kutembelea ningekuwa na fimbo ya kumchapia. Nikamwambia aiache ilivyo, aitume kwa Editha. Jibu lilikuja neno moja: "Nimepokea."

Jumamosi tumemzika Mzee Felisiani, Mtawanya. Editha alifika siku moja kabla ya mazishi. Alikaa na wafiwa, watu wakipita kumpa pole, na kwa kuwa mkono wa kulia haushiki, alikuwa akitoa wa kushoto na kumwambia kila mmoja, "Samahani, huu mwingine ni mgonjwa." Wazee, watoto, makarani waliofanya kazi na marehemu, wote aliwaambia. Nilipofika mimi alitoa wa kushoto, nikaushika, na hakusema kitu. Alikuwa akimwangalia aliyekuwa nyuma yangu.

Hapo ndipo hesabu ilipofungwa. Kwa kutaka kuitwa fundi, nilisema ndiyo mahali pa hapana, kisha nikalinda ile ndiyo kwa barua tano za uongo na moja ya kimya. Editha hapigi tena piano mbele ya watu. Anafundisha watoto kwa mkono mmoja. Mimi sina dada. Nilikuwa naye mmoja, si wa damu, aliyevua viatu mlangoni na kuniamkia kila alasiri kwa miaka kumi na miwili, na nimempoteza nikiwa hai naye akiwa hai.